Gari Iliyosikia Bismillahi

"Hakuna gari Sharqiyah nzima inayonikatalia mimi," alisema Hood, akabonyeza kitufe, na gari ikamkatalia.

Yeye na dada yake walikuwa wamesimama pembeni mwa barabara, kona moja kabla ya nyumba waliyokuwa wakiiendea. Gari yenyewe ni Land Cruiser ya marehemu babu yake, kongwe kuliko Hood mwenyewe. Wiki nzima alikuwa amelala chini ya usukani, akikata nyaya na kuziunga, ili iwake kwa kitufe, na kwa rimoti kutoka mbali, kama gari za wakubwa. Kule nyumbani Ibra ikawaka bila matata. Hapa Samad Ash Shan ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, na taa ya kitufe ikafifia kama jicho la mtu mwenye usingizi.

Siku nyingine angecheka. Leo alikuwa anakwenda kumposa Shatha. Na babake Shatha, Mzee Marhoun, alikwishatuma salamu: binti yangu nampa mwenye kazi, simpi mwenye mdomo. Kama kweli kijana anaziwasha gari kongwe kwa mbali, aje nayo niione kwa macho yangu.

Mama na Ami Zakariya walikwishatangulia kwa gari nyingine. Hood alibaki na dada yake, Rasha, aliyekuwa anacheka mpaka anajishika mbavu. Bahati ilikuwa moja tu: ile swichi ya zamani ya ufunguo Hood hakuing'oa. Wakaiwasha gari kwa ufunguo, kama alivyokuwa akifanya babu, wakaingia uani kwa watu na vichwa juu.

Mlangoni alikuwa amekaa mama yake Mzee Marhoun, Bi Turkiya, burka ya kibedui usoni, anajipepea kwa kipepeo cha ukili. Wakamsalimia kwa Kiarabu, kwa adabu zote. Kisha palepale, mbele ya miguu yake, wakahamia kwenye Kiswahili. Kwenye nyumba za watu waliotoka Unguja, kama wao, Kiswahili ni pazia: ukilivuta, wengine wote wanabaki nje.

"Ufunguo upo chini ya zulia la dereva," Hood alisema. "Wanaume tukitoka, nikukute umeshajikunja chini ya usukani. Nikisema bismillahi, washa. Nikisema alhamdulillah, zima."

"Na huyu bibi je?"

"Huyu tangu azaliwe hajaiona bahari, seuze Kiswahili."

Bi Turkiya akashikwa na kikohozi ndani ya burka yake, kirefu, mpaka mabega yakatikisika. Alipopata pumzi akawaonesha kwa kipepeo: wanaume kule, wanawake huku.

Kwenye majlis, baraza ya wanaume, kulikuwa na kahawa, tende na halwa, na Mzee Marhoun alimtazama mgeni wake kama mtu anavyolitazama tikiti sokoni kabla ya kuligonga. Wakazungumza mvua, wakazungumza mitende, wakazungumza kila kitu isipokuwa Shatha. Mwisho mzee akajifuta vidole, akasema haya, tukaione.

Hood alisimama mbali kabisa, ng'ambo ya falaji, mtaro wa maji ya mitende, ili watu waone umbali. Akanyoosha mkono wenye rimoti.

"Bismillahi."

Kimya. Ami Zakariya akaanza kuvitazama viatu vyake. Hood akaeleza kwamba kwenye jua kali namna hii mawimbi ya rimoti hulegea, na huku anaeleza, moyoni anamnyonga Rasha. Akasubiri kidogo, akasafisha koo, akapaza sauti ambayo hata aliyelala msikitini angeamka.

"Bismillahi!"

Gari ikanguruma.

Wote wakasema masha'Allah. Hood akainua kidevu kama aliyezaliwa nacho hivyo. Lakini moshi ukamwingia Ami Zakariya puani, akapiga chafya, na kama Muislamu yeyote akasema, "Alhamdulillah."

Gari ikazima.

Hood akacheka, peke yake. Akasema gari zikiwekewa rimoti huwa nyepesi sana, hata chafya zinaisikia.

Mzee Marhoun hakucheka. Alinyoosha mkono, akataka rimoti ajaribu mwenyewe. Hood akaitoa shingo upande, maana rimoti ile ilikuwa haijui tena kazi yoyote ila kufunga milango, hata kwa ndani isifunguke. Mzee akaigeuzageuza. Na kwa kuwa yeye hata maji hanywi bila kulitaja jina la Mungu, akabonyeza, akasema taratibu, "Bismillahi." Milango ikajifunga, ka!, na gari ikanguruma.

Uso wa mzee ukafunguka kama wa mtoto siku ya Idi. "Alhamdulillah," akasema, na gari ikanyamaza. Akarudia. Akarudia tena. Hood alikuwa anaapa kimoyomoyo kumvisha Rasha dhahabu mpaka viwikoni.

Hatimaye Mzee Marhoun akamshika bega mbele ya ndugu zake. "Huyu ana kazi mkononi," alisema. "Tusomeni Fatiha."

Wakainua mikono, wakasoma, wakajifuta nyuso. Posa imekubaliwa.

Ndipo mlango wa wanawake ukafunguka, Rasha akatoka mbio, abaya yake inafuka udi, macho yamemtoka.

"Kaka, nisamehe," akanong'ona. "Wamenikatalia kuinuka. Halwa, matunda, kahawa tena, na mgeni haondoki mpaka udi upite. Umepita sasa hivi. Wameshakufukuza?"

Hood akamtazama dada yake. Kisha akaitazama gari.

Kioo cha dereva kikashuka polepole. Kikatangulia kipepeo cha ukili, ikafuata burka.

"Mwanangu, mke nimeshakupa," alisema Bi Turkiya, kwa Kiswahili cha Pemba kisichokosa hata herufi. "Sasa nifungulie mlango. Sikuzaliwa Wete nije nife kwa joto chini ya usukani."