Bi Harusi wa Sultani Chui

Sultani Chui, aliyekuwa amekwisha kula wake watatu, alimposa kwa nguvu paa aitwaye Zamzamu. Paa huyo aliishi pango moja na kipenzi chake, nungunungu Mwanakheri.

“Nipe shela lako, somo. Nitaolewa mimi.”

“Atakuua, Mwanakheri.”

“Kwanza anishike.”

Desturi ya jumba la Sultani ilimtaka bwana harusi amkumbatie mkewe kabla ya kumfunua. Chui alimkumbatia kwa pupa, akaruka nyuma, viganja vimejaa miiba.

“Mke gani huyu?”

“Uliyemtaka kwa nguvu, bwana. Nisogee tena?”

Chui alitoa talaka tatu palepale.

Mwanakheri alipofika pangoni, Zamzamu alimkumbatia kama siku zote: polepole, akifuata miiba ilikolalia.