Daktari wa Bima Anakuja

"Rudia," alisema Bisibisi. "Pale mezani uso umekusaliti."

Fundi Paka akarudia. Kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha mezani. Alishajifunza pa kuweka mkono, pa kuvuta pumzi, na namna ya kuinama mbele ya mtu anayemkodolea macho. Mazoezi haya waliyafanya pale tu binti yake anapotoka, na leo alikuwa ameenda sokoni.

Jina la Paka alipewa na mafundi wenzake, Bisibisi akiwa mmoja wao, kwa jinsi alivyotembea juu ya mapaa. Penye mwinamo mkali, wengine walitambaa. Yeye alipita huku anapiga mluzi. Kisha asubuhi moja bati lenye umande likamkataa, akaangukia kiuno juu ya rundo la matofali.

Bahati yake, mwajiri alikuwa amewakatia mafundi bima ya kipato, ile inayomlipa mtu sehemu ya mshahara muda wote ambao ugonjwa au ajali imemzuia kufanya kazi. Zamani waliicheka. Sasa ndiyo iliyokuwa ikiwasha jiko la nyumba hii. Wenye midomo yao mtaani walisema Paka amepata ajira ya kifalme: analipwa kwa kulala.

Sharti lilikuwa kwamba daktari wa bima aje mara kwa mara kuona kama bado hajiwezi. Mfupa ulishaunga. Kilichobaki ni maumivu, na maumivu hayaonekani kwenye picha ya eksirei. Daktari hana budi kwenda na anachoambiwa na anachokiona kwa macho yake.

"Huyu mtoto unamtendea vibaya," alisema Bisibisi. "Akija kujua, hatakusamehe."

"Hatajua."

"Na uongo huu utaishi nao mpaka lini?"

"Mpaka nife. Haya, pale mezani nilikosea nini?"

Binti aliporudi alimkuta baba yake amelala chali, paji la uso limelowa. Akauliza kulikoni, akajibiwa ni joto. Akatua kikapu, akachukua kitambaa, akampangusa.

Mama yake alikuwa ameshafariki, ndugu wako mbali, hivyo kazi yote ilimwangukia yeye. Alisomea upimaji wa ardhi. Alikuwa amepata kazi mji wa mbali, akaomba asubiriwe, akasubiriwa, akaomba tena. Huku vifaa vyake vya kupimia vikipata vumbi juu ya kabati, yeye alimwogesha baba, alimvisha, alimnyanyua, akamtania kwamba amekuwa mzito kama mfuko wa saruji. Rafiki zake wa chuoni waliacha kumpigia simu. Majirani walimtazama anavyokonda, wakatikisa vichwa.

Jioni ile, akimkata baba yake kucha za miguu, alimweleza kwamba wale watu wa kazini wamepiga tena, na wamesema hii ni mara ya mwisho.

"Nimewaambia nitawajibu kesho, daktari akishaondoka," alisema. "Akisema bado hujiwezi, nabaki, na yaishe. Mimi namsikiliza daktari tu."

Paka akageukia ukutani. "Basi tumsubiri daktari," alisema.

Daktari alikuja asubuhi, mtu mpole mwenye viatu vilivyong'arishwa. Akamwomba binti asubiri nje ili mgonjwa awe huru. Bisibisi akabaki pembeni. Daktari akamtaka Paka asimame, atembee, ainame, ainue mguu mmoja kisha mwingine. Akambonyeza kiunoni, akauliza, "Hapa vipi?"

Paka akavuta pumzi pale alipojifunza kuivuta, kisha akajibu. Bisibisi alikuwa ameinamia sakafu.

Daktari akamshukuru, akatoka. Wakamsikia akizungumza na binti ukumbini kwa sauti ya chini, kwa kirefu. Binti alipoingia, mashavu yamelowa. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Sema, mwanangu," alisema Paka.

"Amesema umepona, baba. Malipo ya bima yanasimama. Nikamwambia haiwezekani, jana tu nimekuogesha. Akasema mtu anayeinama vile hajaanza kupona jana."

Binti akamgeukia baba yake.

"Ni kweli? Ulikuwa unajiweza muda wote huu?"

Paka alimtazama Bisibisi, kisha akatazama mikono ya binti yake, iliyochubuka kwa kufua mashuka.

"Nilizoea kulelewa, mama," alisema. "Nisamehe."

Binti hakupandisha sauti. Alimtazama baba yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, na machozi yakamkauka machoni. Akapiga simu akasema anakuja. Akashusha vifaa vyake kutoka juu ya kabati, akavifuta vumbi, akakunja nguo. Alipika chakula cha mchana, akakiacha kimefunikwa, akamwambia Bisibisi kwaheri. Kwa baba yake alisema tu kwamba dawa ziko kwenye droo, kama bado anazitaka.

Paka akainuka, akamsindikiza hadi mlangoni kwa miguu yake mwenyewe. Akasimama wima, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Gari lilikuja. Binti aliingia bila kugeuka nyuma.

"Ameshakata kona?" aliuliza Paka, meno yameumana.

Bisibisi akachungulia barabarani. "Ameshakata."

Ndipo Paka akaachia mlango, na Bisibisi akamdaka kabla hajafika chini, akambeba mzimamzima hadi kitandani, kama alivyombeba kila walipomaliza mazoezi.