Nati za Masikio

Mama ndiye aliyekuwa bawabu siku hiyo. Aliketi juu ya dumu tupu la mafuta, mgongo kauegemeza kwenye mlango wa gereji, na kila mteja aliyebisha hodi alijibiwa, "Fundi anaumwa."

Fundi, binti yake, alikuwa chali sakafuni, mzima kama chuma.

Gari lililokuwa juu ya jeki lilikuwa la mbio, jekundu, la milango miwili, fupi hata paka angeinama kupita chini yake. Mwenyewe ni Kitinda, mdogo wake fundi. Alipewa jina hilo kwa kuzaliwa wa mwisho, na hakuwahi kupewa jukumu lolote zaidi ya hilo.

Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limetolewa. Fundi alikuwa akipambana na ile plastiki nyeusi ya ndani ya fenda, inayokinga tope juu ya tairi. Skrubu zake ziliota kutu, nyingine zimejificha pasipofika mkono. Aliing'oa ya mwisho, akaishusha plastiki, akamulika tochi.

Mwanga ukasimama mahali pamoja.

"Kuna nini?" Mama aliuliza bila kugeuka.

"Kitambaa cha rangi ya chungwa. Kimenasa nyuma ya springi."

Mama alifumba macho. Mfagiaji wa barabara ya sokoni, aliyegongwa na gari lililokimbia, alizikwa wiki iliyopita, na kizibao cha kazi alichokufa nacho kilikuwa cha rangi hiyo. Aliyekamatwa ni dereva wa lori la mchanga, ingawa shahidi mmoja alisema aliona gari jekundu. Kila asubuhi mkewe alipita mbele ya gereji akimpelekea chakula mahabusu, na kila asubuhi alimsalimia fundi.

"Kichome," Mama alisema. "Osha kila kitu. Nimezaa wawili tu, mwanangu. Sitazika mmoja akiwa hai."

Kitinda alikuwa amekalia tairi, anatafuna kucha. Hofu ilikuwa imemkausha uso, ila si mdomo.

"Mnahangaika bure. Huyo mkaguzi wa polisi anayekuja kesho kukagua magari mekundu namjua. Anakuja mikono mitupu. Anafungua boneti, anafungua buti, anapiga tairi teke, kwaheri. Spana hagusi mpaka hakimu amwandikie kibali, na yule hakimu kuandika kwake ni uchungu wa kuzaa."

"Hata bisibisi?" Sauti ya fundi ilitoka chini ya gari.

"Bisibisi! Na lile shati jeupe? Alichafue kwa ajili ya mfagiaji?"

Hakuna aliyecheka. Fundi alijivuta akatoka, akajipangusa jasho, akamtazama mdogo wake kwa muda.

"Nipe drili," alisema.

"Drili ya nini tena? Si uoshe ufunge?"

"Damu haimalizwi na ndoo moja. Imeingia kwenye viungo. Gari likitikisika itachuruzika tena, na itabidi uioshe mwenyewe kila mara. Sasa wewe, ukipewa bisibisi, si utajitoboa jicho?"

"Dada, usinionee."

"Sikuonei. Nakurahisishia."

Akafanya kazi kwa utulivu uliomtuliza hata Mama. Alizitupa kando zile skrubu zenye kutu. Alipanua matundu, akafunga kwenye bodi bolti zilizochomoza ncha, akakata ukingo wa plastiki ili iteleze na kutoka bila gurudumu kuguswa. Kisha kwenye kila bolti akavisha nati yenye masikio mawili, ile inayokazwa na kulegezwa kwa vidole. Kingo akazipiga msasa taratibu, kama anayemtandikia mgonjwa kitanda. Alipomaliza kushoto alihamia kulia, akafanya vivyo hivyo.

"Zifanane," alisema. "Magari mengi ya mashindano hufanywa hivi. Hakuna atakayeshangaa."

Katikati ya kazi alitoka uani na kuwasha moto ndani ya kopo. Moshi ulipanda mweusi, unanuka grisi. Mama aliufuata kwa macho mpaka ukaisha, kisha akachukua ndoo ya maji machafu na kwenda kuyamwaga mwenyewe.

Magurudumu yaliporudi, fundi alimwita mdogo wake upande wa kulia. "Jaribu hapa."

Kitinda alipenyeza mkono juu ya tairi, akazungusha masikio, na plastiki ikamwangukia kiganjani. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

"Mtoto wa chekechea anaifungua hii! Dada, una mikono ya dhahabu."

Mama aliishika mikono hiyo, na grisi yake, akaibusu.

Mkaguzi alifika siku iliyofuata, shati jeupe, mikono mitupu. Alifungua boneti, akafunga. Alifungua buti, akafunga. Alipiga tairi teke. Kitinda alimkonyeza Mama.

Kisha mkaguzi akakunja mkono mmoja wa shati, taratibu, mpaka juu ya kiwiko. Hakuzunguka wala kuuliza. Alichuchumaa moja kwa moja penye gurudumu la mbele kushoto, akaingiza vidole juu ya tairi kama mtu aliyeelekezwa nyumba, akaanza kuzungusha nati moja baada ya nyingine.

Plastiki ikaanguka. Nyuma ya springi, kitambaa cha rangi ya chungwa kilikuwa palepale, hakijaguswa na maji wala moto.

Mama alimgeukia binti yake.

"Mwombe mdogo wako radhi."

Fundi alikuwa anajifuta mikono kwa nusu ya tambara lake la grisi. Nusu nyingine aliichoma jana.

"Simwombi."