Kitufe cha Kuahirisha

Alihifadhi faili, akaiwasha upya seva, akafungua ukurasa. Kitufe hakikuwepo.

Kwenye kompyuta yake kilikuwepo: cha buluu, chini kidogo ya tarehe ya miadi, kimeandikwa "Ahirisha". Akikibonyeza, kinatii. Lakini akiandika anwani ile ambayo wagonjwa huandika kwenye simu zao, ukurasa ulifunguka bila kitufe, kana kwamba tangu asubuhi hajagusa kitu.

Mlango ukafunguka kidogo. Mdogo wake akachungulia, midomo ameshaipaka rangi.

"Vipi, dada? Wenye kliniki ndio hao wanaegesha gari."

"Kwangu kipo, kwao hakipo."

"Basi hamia kwao." Akacheka. "Lakini kweli, dada, walisema bila kitufe hawasaini mkataba. Wewe pambana na mashine huku, mimi nitawashika kwa maneno kule mbele. Usitoke mpaka kionekane. Ukitoka na uso huo watajua tuna tatizo."

"Uso wangu una nini?"

"Una Python."

Wakacheka wote wawili, mlango ukafungwa.

Mdogo wake huyo alizoea kumwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Mfumo huu wa kupanga miadi ya wagonjwa waliujenga pamoja katika chumba hiki cha nyuma, kwa Django, zana ya kuundia tovuti kwa lugha ya kompyuta ya Python, walipokuwa na kompyuta moja tu. Kitinda alisoma kitabu kwa sauti, yeye akaandika. Siku mgonjwa wa kwanza alipochukua nafasi, walirukaruka kama watoto, kisha wakaandika chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo: *Kazi ya mikono minne.* Wenye kliniki wakisaini leo, angeacha ile kazi ya kupokea simu za watu wenye hasira, akae na mfumo wake kutwa nzima. Hakuwahi kutaka kitu kingine.

Hakuwa mtu wa kulaumu haraka. Hitilafu nyingi, alijifunza peke yake, zinatokana na uzembe wa huyo huyo anayezitafuta. Akaanza na za kawaida. Huenda kivinjari kinakumbuka ukurasa wa zamani: akakisafisha, akajaribu na kwa simu. Wapi. Huenda hakukusanya faili za rangi na maumbo: akazikusanya. Huenda badiliko la hifadhidata halikupita: lilikuwa limepita. Akafungua kumbukumbu za seva, ambamo kila mgonjwa anayeingia huacha mstari wake. Hamkuwa na mgonjwa hata mmoja. Mistari yote ilikuwa ya wiki zilizopita. Akashusha pumzi. Hata kumbukumbu zimeharibika, alijisemea, na hizo nazo zinasubiri zamu yao.

Ng'ambo ya ukuta vicheko vilipanda. Mwanamume mmoja akasema, "Safi sana, safi sana," na makofi yakafuata.

Aliinua kichwa. Wanampigia makofi kwa lipi, na kitufe bado? Kisha akatabasamu. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na Kitinda alikuwa nayo tele.

Wala si maneno tu. Kipindi kile yeye mwenyewe alipougua, alimfundisha mdogo wake akiwa kitandani namna ya kunakili mfumo wote kwenye seva nyingine na kuielekeza anwani huko, endapo hii ingezima. Kitinda alishika somo kwa mara moja.

"Sasa hata nikifa huna shida," alimwambia.

"Usife bwana. Nani atanitengenezea vitufe?"

Alirudi kwenye msimbo. Akausoma mstari kwa mstari, akiufuata kwa kidole kwenye kioo. Haukuwa na kosa.

Wageni waliondoka jua likielekea kuzama. Kitinda akaingia, viatu mkono mmoja, kalamu ya wino mkono wa pili.

"Wamesemaje?"

"Kesho. Wanataka wakione kitufe kwanza."

"Kwa nini nisiwapigie mimi, niwaeleze?"

"Wewe na wageni, dada! Si utawaanzia habari za hifadhidata mpaka wasinzie." Akambusu kwenye paji la uso. "Umechoka. Kesho utamalizia."

Viatu vikalia barabarani, vikapotea.

Kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani aliandika: *Kesho: kitufe.* Akashika mfuniko wa kompyuta ili aufunge, lakini mkono ukasita. Ilibaki njia moja, ile ambayo huifuata akishaishiwa na nyingine zote: kuharibu kwa makusudi. Kama ukurasa unasoma faili hizi kweli, ukizivuruga lazima uanguke, na pale unapoangukia ndipo ugonjwa ulipo.

Akafuta mstari mmoja. Ukurasa ukafunguka.

Akaondoa faili nzima. Ukafunguka.

Akaizima seva yenyewe.

Akachukua simu, akaandika anwani herufi kwa herufi. Ukurasa ukafunguka mara moja, mzima, ukamkaribisha achague daktari na siku. Akaushusha kwa kidole, taratibu, akapita madaktari, akapita saa za kazi, mpaka chini kabisa, mahali ambapo hakuwa na sababu ya kupatazama tangu alipougua.

*Kazi ya mikono miwili.*