Visahani vya Ngozi

Muuza dawa za wadudu aliingia na panga katika maabara ya Tryphosa, mjini Nyamira, akavunjavunja visahani vyote. Humo Tryphosa, mtafiti, alikuwa akikuza seli za ngozi ya binadamu, apime sumu bila kutesa sungura.

“Hata sungura mmoja hajakufa, na unaandika dawa yangu ni sumu?” alifoka, akimkaba koo. “Badilisha hiyo ripoti!”

Mkono ulioshika panga ulikuwa karibu na macho ya Tryphosa. Ngozi katikati ya vidole ilikuwa imebabuka, nyama nyekundu iko wazi.

“Mzee,” alisema kwa shida, “nyumbani nani mwingine ako na vidonda hivi?”

Mwanamume alilegeza mkono uliomkaba. “Mtoto wangu,” alisema.

Kisha akapiga kelele, “Unadanganya! Si dawa yangu!” na kuinua panga.