Vijiko vya Keziah

Kitendawili, wajukuu zangu: jana kilimlisha mtoto uji, kesho kitamtoboa mtu kifua. Mmeshindwa? Nipeni mji. Ni kijiko cha bati, siku askari wanapokitaka wakiyeyushe kiwe risasi.

Asubuhi hiyo ya ibada tulikuwa tumekaa kimya, kama kawaida yetu sisi Marafiki, Wakristo tusioshika silaha, kapteni wa askari wa Pensilvania alipoingia na bunduki. Alikuwa ametoka kupekua nyumba zetu, akakuta rafu zote tupu.

"Viko wapi vijiko?" akauliza. "Walenape wako ng'ambo ya mto, nanyi mmekaa kama magogo!"

Walenape hao, wenyeji wa nchi ile tangu kale, ndio waliotufundisha kupanda mahindi. Hakuna aliyemjibu. Kwetu kusema uongo ni mwiko, ila kunyamaza si mwiko.

Keziah, mjane wa msaga unga, alikuwa kando yangu. Mkono wake ulikuwa mfukoni mwa aproni, kidole gumba kikipapasa kijiko chenye alama za meno ya mwanawe.

Kapteni akamkaba mzee wetu ukosi. "Basi babu huyu ataozea jela kwa ajili yenu!"

Hapo Keziah akasimama, kama asimamavyo mtu wetu ibadani akipewa neno na Roho.

"Mwachie, rafiki."

"Niite kapteni, we mwanamke!"

"Rafiki," akasema, "vijiko viko chini ya bwawa la kinu. Nimevitupa mimi. Kama unajua kupiga mbizi, kazi kwako. Kimebaki hiki kimoja cha mwanangu, nacho hukipati."