Hapa Ni Muziki Tu

Mzee Mbaruku aliwahi benchi la mbele kwenye banda la video. Aliambiwa wimbo alioutunga ujanani umepigwa upya na bendi ya roki ya ughaibuni, umo ndani ya filamu ya wanafunzi wanaowindwa na muuaji.

Kwenye skrini, msichana alipoanza kumkimbia muuaji, magitaa yakanguruma. Mzee akaujua palepale.

“Huu wangu!” alimwambia wa pembeni yake. “Nilimtungia marehemu mke wangu.”

“Mzee, tuache tuangalie.”

Mtafsiri wa filamu akashika maiki. “Wadau, hapa ni muziki tu, hamna stori. Napeleka mbele.”

Banda zima likashangilia. Msichana akakimbia mbiombio, bila sauti. Juu ya goti, vidole vya mzee viliendelea kubana nyuzi za gitaa lisilokuwepo, hata baada ya msichana kukamatwa.